Maandazi ya Bi Mize na Moyo wa Maalim Shaame

Siku mliyoniaga kwa soda na biskuti, vijana wangu wa kitengo cha lishe, mliniomba niandike chochote cha zamani kitakachowafaa kazini. Mliniona nimeishika biskuti ile muda mrefu bila ya kuila, mmoja wenu akanong'ona kwamba labda nina sukari. Sina sukari. Nilikuwa namkumbuka mtu mmoja wa Wesha, kwetu Pemba. Vyeo na mishahara nitaviacha, kwa kuwa vyote viwili vilikuwa vidogo. Nitaandika juu ya miaka yangu ya mwanzo, mwishoni mwa miaka ya hamsini na kuingia sitini, wakati nilipokuwa sielewi kitu. Baadaye nilielewa kidogo, lakini hayo hayana raha ya kusomwa.

Nilitoka kwetu Makangale nikiwa msichana mwenye vyeti viwili na viatu vipya vilivyonibana. Baba alinifikisha hospitalini mjini, akanikabidhi kwa Bi Sharifa, nesi mkubwa, kama mtu anayekabidhi mbuzi. Bi Sharifa hakuvitazama vyeti. Alitazama miguu yangu.

"Hivyo viatu utaviweza?"

"Nitaviweza, Bi."

"Hutaviweza. Kazi yetu ni ya kutembea. Kesho njoo na makubadhi."

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Vifaa vyetu vilikuwa mkoba wa turubai, mizani ya ndoana ya kupimia watoto, kijiko kikubwa cha kupimia maziwa ya unga, na picha moja kubwa ya kutundika ukutani iliyokuja kutoka ng'ambo ikielezea chakula bora. Palikuwa na tufaha, kipande cha jibini, samaki mwekundu asiyejulikana na mvuvi yeyote wa Pemba, na katikati boflo nzima iliyokatwa vipande na kupakwa siagi. Kila nilipoitundika, kina mama waliniuliza jibini ile ni sabuni ya aina gani. Bi Sharifa aliniambia niwaelekeze kwenye boflo, kwa kuwa hiyo angalau walikuwa wakiijua. Nikawa nawaelekeza kwenye boflo.

Kitu cha pili alichonifundisha ni namna ya kuuliza. Mtu wa kwetu ukimuuliza, "Umekula nini leo?" atakujibu, "Sijala kitu," naye ameshakunywa chai na maandazi manne. Kwake kula ni wali, au muhogo na samaki. Andazi si chakula, ni kitu cha kusindikizia chai. Bi Sharifa aliniambia nisimuulize mtu alichokula, nimuulize alichotia mdomoni. Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa watu wazima, nikaendelea kuuliza kama nilivyofundishwa chuoni.

Maalim Shaame alikuwa akisomesha Kurani watoto wa Wesha. Alikuja hospitalini akiegemea bega la mkewe, Bi Mize. Alikuwa mtu mrefu, na kanzu ilimning'inia utadhani imeanikwa. Moyo ulimwenda mbio hata akiwa amekaa kitako. Akipanda ngazi mbili anasimama kutafuta pumzi. Miguu ilikuwa imevimba, macho meupe ndani ya kope, ulimi una vidonda. Tumbo lilimwendesha mara kwa mara, lakini hilo alilitaja mwisho, kwa aibu, tena kwa Kiarabu.

Daktari wetu alikuwa mgeni kutoka ng'ambo, mtu mpole, Kiswahili chake cha kitabuni kabisa. Kwanza akadhani ni safura, maana minyoo ile ilikuwa ikinyonya damu za watu wengi shamba. Maalim akapewa dawa ya minyoo, ikamtoa jasho, hali ikabaki ile ile. Daktari akamsikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akasema moyo una sauti asiyoipenda.

"Moyo umechoka," akatwambia. "Apunguze chumvi. Apunguze mafuta. Nazi basi. Papa mkavu basi. Apewe chakula chepesi."

Chakula chepesi, katika hospitali yetu ya siku zile, kilikuwa ni boflo iliyochomwa, maziwa na chai. Nilitumwa mimi kumfundisha. Nilikaa na Bi Mize kwenye benchi la baraza, nikamwonyesha ile picha ya ukutani, nikaweka kidole juu ya boflo.

Bi Mize alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, mwenye mikono inayonukia iliki. Alikuwa akipika maandazi kila asubuhi na kuyauza pale bandarini Wesha, kwa mabaharia na wachukuzi. Aliposikia kwamba mumewe anatakiwa ale vitu vya unga, uso ukamkunjuka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nilidhani mtaniambia nitafute dawa ya ng'ambo. Kumbe dawa iko jikoni kwangu!"

Kuanzia siku hiyo, kila Maalim alipolazwa, Bi Mize alimletea maandazi yaliyofunikwa kwa kawa, mengine yamepikwa bila ya chumvi, kwa ajili ya moyo. Nasi tulimsifu. Bi Sharifa alimtolea mfano kwa wake wa wagonjwa wengine.

Maalim akazidi kudhoofika. Nilimpima kwenye mizani ya watu wazima, nikampima tena, nikadhani imeharibika. Nikajipima mimi mwenyewe, mizani nzima. Nikimuuliza amekula nini, ananijibu, "Wali kidogo, mwanangu, na samaki wa kuchemsha." Nilikuwa nikiyaandika hayo kwa mwandiko mzuri.

Kisha akapotea. Dada yake mkubwa, Bi Time, aliyekuwa akikaa kisiwani Fundo, alimtumia chombo kimchukue. Alisema kama ndugu yake atakufa, basi afie kwao. Hatukumwona kwa muda. Siku moja nipo barazani nafungua mkoba, mtu akanisabahi kwa sauti nene, "Sabalkheri, Bi Nesi." Nikaitikia bila ya kuinua macho. Nilipoinua, alikuwa ni Maalim Shaame, kasimama peke yake, mashavu yamejaa.

Daktari alimsikiliza kifua upya. Akamuuliza alikuwa akila nini huko.

"Muhogo wa nazi," akasema Maalim, kwa woga wa mtu aliyevunja amri. "Na papa. Wali wa nazi. Samaki wa chumvi kila siku, Daktari. Dada yangu hajui kupika chengine. Nisamehe."

Daktari akanitazama, nami nikamtazama Bi Sharifa, naye akatazama dirisha. Kila tulichomkataza ndicho alichokila, na hivyo vitu ndivyo vilivyompa nguvu ya kutembea. Tulimwambia arudi kwake Wesha na ashike masharti yetu.

Alirudi kwa mkewe, kwenye chai na maandazi. Haukupita muda akaletwa amelala kwenye gari ya ng'ombe.

Safari ya pili Bi Time hakutuma chombo. Alikuja mwenyewe. Mwanamke mkavu, mrefu kama ndugu yake, buibui lake lina chumvi ya bahari mpaka magotini. Alisimama wodini mbele ya watu wote.

"Kwangu anapona," akasema. "Kwa nke wake anakufa. Nyie mna elimu, hebu nambieni, haya ni maradhi gani yanayojua nyumba?"

Bi Mize alikuwa hapo hapo, kashika bakuli. Bi Time akamgeukia.

"Wifi yangu, mimi sikusingizii. Lakini kuna kitu unamlisha ndugu yangu."

Akamchukua Maalim akenda naye Fundo. Baada ya siku chache nahodha wa chombo akaja na maneno ya mdomo: Maalim anapata nafuu, na dada yake anamshikilia amwache mkewe. Pale Wesha maneno hayo yalifika kabla ya nahodha kufunga kamba. Mabaharia wakaacha kununua maandazi. Hakuna aliyesema kwa nini. Walipita tu, kila mmoja ana haraka.

Bi Mize alikuja hospitalini akakaa kwenye lile benchi letu. Hakuja na kawa safari hii.

"Bi Nesi, niambieni ukweli. Mimi ndiye ninayemuua?"

Nilikuwa na umri wa kuolewa, sina umri wa kujibu suali hilo. Nikamwita Bi Sharifa. Yeye akakaa chini kabisa, kwenye sakafu, karibu na miguu ya Bi Mize, jambo ambalo sikupata kumwona akilifanya.

"Mize, tangu asubuhi mpaka alale, Maalim anatia nini mdomoni?"

Bi Mize akaanza kutaja. Alfajiri, akitoka msikitini, andazi na chai. Saa ya chuo cha Kurani, andazi jengine, kwa kuwa watoto wanamchosha. Mchana wali kidogo, hana hamu. Alasiri chai na boflo, kama tulivyoagiza. Usiku chapati laini iliyoloweshwa maziwa, kama tulivyoagiza. Na kila Ijumaa, kwa ajili ya kumrejeshea mwili, bokoboko la ngano na nyama. "Kila alivyokonda," akasema, "ndivyo nilivyomwongezea."

Daktari alikuwa kasimama mlangoni anasikiliza. Aliingia ndani. Kesho yake akatwita. Alisema amewahi kusoma kwamba huko Ulaya wametambua watu ambao matumbo yao hayapatani na ngano. Wakila, utumbo unachubuka, chakula hakiingii mwilini, damu inapungua, na damu ikipungua moyo hukimbia kwa kuihangaikia. Nyinyi leo mnauita ugonjwa huo seliaki na mnao vipimo vyake. Sisi tulikuwa na mtu mmoja aliyesoma jambo hilo na hakuwa na hakika nalo.

"Lakini waliandika zaidi juu ya watoto," akasema. "Na watu wa Ulaya. Labda nimekosea."

"Kwa hiyo moyo wake ni mzima?" nikauliza.

"Labda."

"Na boflo tuliyompa?"

Akavua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

Nilitumwa Fundo pamoja na Bi Mize kumweleza Maalim kwamba asile ngano kwa muda, tuone. Ilikuwa ni siku ya tatu ya Sikukuu. Njiani Bi Mize aliniambia kwamba akiachwa hatarudi kwao, atakwenda Unguja, kusikojulikana mikono yake.

Tulipiga hodi. Hatukuitikiwa. Tukaingia uani. Maalim alikuwa kalala juu ya mkeka, kajikunja, uso umekuwa rangi ya jivu. Bi Time yuko kando yake anampepea, na macho yake yamevimba kwa kulia. Alipomwona Bi Mize aliinuka kama anayetaka kumpiga, kisha akakaa tena.

"Hujafika hapa," akamwambia. "Hujagusa sufuria yangu. Hujagusa maji yangu. Vipi basi?"

Nikamuuliza, "Bi Time, katia nini mdomoni?"

Alijibu taratibu. Kwa ajili ya Sikukuu aliagizia unga kutoka Wete. Alitaka ndugu yake naye ale chapati kama watu wengine. Alizisukuma kwa mkono wake, akazichoma kwa mkono wake, na Maalim akala kwa furaha, siku ile na asubuhi iliyofuata. Jioni yake tumbo likaanza.

"Ni unga, Bi Time," nikasema. "Ni ngano. Tumbo lake haliitaki ngano."

"Ngano?" Akanitazama kwa hasira. "Ntu yuko katika hali hii, nawe unanipigia ngano! Kazisimulie kwa watoto."

Bi Mize ndiye aliyeelewa mwanzo. Nilimwona akitazama kile kibao cha kusukumia kilichoegemezwa ukutani, kingali na weupe wa unga. Alikaa karibu na wifi yake. Nilidhani atasema neno la ushindi, na alikuwa na haki nalo. Akasema tu, "Nami nilimpikia kwa mkono wangu, wifi. Vile vile."

Wakakaa wote wawili, mmoja huku na mmoja huku, na Maalim katikati anaugulia. Mimi nilisimama na mkoba wangu. Kama mngeniuliza wakati ule nani alikuwa na haki na nani alikosa, nisingewajibu, na leo vile vile. Bi Time alisema kweli kwamba ndugu yake alikuwa akidhurika jikoni kwa mkewe. Bi Mize alisema kweli kwamba hakumdhuru. Na sisi wa hospitali tulikuwa tukilipaka dhara lenyewe siagi na kulitundika ukutani.

Maalim alirudi Wesha baada ya wiki kadhaa, na sasa ikaja kazi ya kufundisha, nami sikuwa na wa kunifundisha. Bi Mize akaacha boflo na chapati, na bado mumewe akawa na siku mbaya. Tulitafuta. Chungio lake lilikuwa moja, akichungia unga wa mchele na unga wa ngano. Karai lilikuwa moja, na mafuta ni yale yale aliyokaangia maandazi ya kuuza. Na mchuzi wake akiupenda mzito, alikuwa akitia kijiko cha unga. Mwishowe alisema amechoka kukagua. Alitoa kila chenye harufu ya ngano, akampa jirani, akaanza kupika vitumbua vya mchele. Mabaharia wakarudi mmoja mmoja, na wao pia walikuwa na haraka ya kuonekana kwamba hawakupata kuondoka.

Tabu nyengine ilikuwa ya watu. Maalim ni mtu wa kualikwa, na kwetu hakuna maulidi wala harusi isiyo na sambusa, mkate au bokoboko. Na miaka ile ya siasa za vyama kabla ya uhuru, mtu wa upande huu hakuwa akila kwa mtu wa upande ule, hata msibani. Mara ya kwanza Maalim aliposukuma mbali sahani ya bokoboko, shughuli nzima iligeuka kumtazama. Kesho yake watu watatu walinisimamisha njiani kuniuliza, kwa sauti ya chini, Maalim kahamia upande gani. Niliwaambia ni maradhi ya tumbo. Walinikonyeza, wakasema wamefahamu.

Daktari alimpa vidonge vya kuongeza damu, na Bi Mize akampikia mchicha, maini na dagaa mpaka akalalamika. Kidogo kidogo rangi ikarudi machoni. Uvimbe wa miguu ukakauka. Siku moja Daktari alimwekea kile chombo chake kifuani, akasikiliza, akamgeuza, akasikiliza tena. Ile sauti asiyoipenda haikuwapo. Aliniita na mimi nisikilize, nami nikasikia moyo wa mtu unaokwenda zake bila ya wasiwasi.

Nilidhani tumemaliza. Lakini Maalim, baada ya miaka ya njaa, alikula wali wa nazi kwa samli mpaka kanzu ikambana. Daktari akamwita, akamwambia sasa apunguze nazi, samli na chumvi, kwa ajili ya moyo.

Maalim akamtazama kwa adabu.

"Daktari, mwanzo mlinikataza nazi, nikakaribia kufa. Mkaniruhusu, nikapona. Leo mnanikataza tena. Nyinyi mnajua mnachokisema?"

Daktari akafikiri. "Si sana," akasema.

Maalim akacheka, akapunguza samli. Nazi hakuipunguza. Somo lenyewe, vijana wangu, ndilo hilo hilo mnalolitoa nyinyi sasa kwa mtu wa seliaki: ngano aiache kabisa, na pengo lake asilijaze kwa mafuta na chumvi, kwa kuwa moyo nao una hesabu yake. Ni maneno machache. Sisi ilituchukua muda mrefu kuyapata, na tuliyapata kinyumenyume. Wala siwezi kuapa kwamba ilikuwa ni seliaki. Hakuna aliyewahi kuutazama utumbo wake. Ninachojua ni kwamba hakula tena ngano, na alisomesha watoto wa Wesha mpaka wale watoto wakaleta watoto wao.

Mara ya mwisho nilipokwenda kwao kwa kazi, kabla sijahamishiwa Wete, ilikuwa asubuhi na Bi Mize yuko jikoni anageuza vitumbua. Nilikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, Maalim kakaa mlangoni na kikombe cha chai. Tulikuwa tukizungumza mambo ya mvua. Bi Mize akasita ghafla, upawa uko juu ya karai.

"Kuna kitu sikukuuliza tangu siku zile," akamwambia mumewe, bila ya kumgeukia. "Nilipokuwa nakuletea yale maandazi hospitali. Ulikuwa umeshaona yanakudhuru?"

Maalim akatazama chai yake.

"Nilikuwa naona nikila nazidi kuumwa," akasema. "Sikujua ni nini. Lakini naona nikila nazidi."

"Na bado ukiyala!"

"Nikiyala."

"Kwa nini, Shaame?"

Alikunywa chai yake, akakiweka kikombe chini.

"Ulikuwa ukitoka Wesha kwa miguu, na jua lote lile, umeyafunika yasipoe. Ningekwambia nini?" Kisha akaongeza, "Na yalikuwa matamu."

Bi Mize akamtupia kile kitambaa cha kushikia sufuria, kikampata kifuani. Alikuwa akicheka, na machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni, na kitumbua kimoja kikaungua kabisa. Mimi nilikaa pale juu ya mbuzi, sijui nitazame wapi.